Masahihisho ya Siku ya Arobaini

Mtaani kwetu Temeke hakuna aliyeyaamini magazeti, na mimi nilikuwa mwandishi wa gazeti. Kila asubuhi, kwenye meza ya magazeti iliyo mbele ya duka la dawa, wanaume walisimama mikono nyuma wakisoma vichwa vya habari bila kununua, na kila kichwa kilipata mtu wa kukitukana. Nilipita hapo nikienda kazini. Nilisalimia, nikatukanwa kidogo, nikaendelea na safari. Nilizoea, kama mtu anavyozoea harufu ya mtaro ulio karibu na nyumba yake.

Mwenye ulimi mkali kuliko wote alikuwa mwenye bucha. Yeye peke yake ndiye aliyenunua gazeti kila siku, akalisoma lote mpaka matangazo ya vifo na ya zabuni, kisha akakaa nyuma ya wavu wake kunisubiri.

"Mwandishi! Leo mmelipwa na nani?"

"Leo bado, braza."

"Nyie gazeti lenu likiandika mvua imenyesha, mie natoka nje kushika bati kama limelowa."

Watu walicheka, nami nilicheka, kwa sababu hakuwa akisema uongo. Nilijua tunavyofanya kazi. Kiongozi akizungumza tuliandika kwamba alisema, alibainisha, alifafanua. Mwananchi akizungumza tuliandika kwamba alidai. Mkurugenzi alipata aya tisa na wakazi waliobomolewa nyumba wakapata moja, tena ya kudai. Hakuna aliyetuamuru kufanya hivyo. Mkurugenzi alikuwa na ofisi, kiyoyozi na mtu wa kutuletea soda. Wakazi walikuwa na kelele tu, na kelele ni ngumu kuzinukuu.

Siku ninayoieleza ilikuwa Jumanne, nami nilikuwa mapumzikoni nyumbani. Mchana nikasikia kelele upande wa kijiwe cha bodaboda. Kelele za mwizi zina mlio wake, hazifanani na za mpira wala za ugomvi wa wapangaji. Nilichukua daftari kabla ya kuvaa viatu.

Nilifika kijana akiwa bado anaongea. Alikuwa amekaa chini, shati limechanika, mkono mmoja ameuweka juu ya kichwa kama mtu anayejikinga jua. Muda mfupi kabla ya hapo mwanamke mmoja alikuwa ameporwa simu, na aliyempora alikimbilia upande ule. Kijana huyu alikuwa akipita upande huohuo na mkoba begani. Hilo lilitosha. Walipoumwaga mkoba zikatoka simu tano.

"Mie fundi," alisema. "Za wateja hizo. Mie fundi simu."

"Fundi wa kukwapua!"

"Mtu mmoja simu tano, unaongea na nani? Na malaika?"

Watu walicheka. Niliuandika utani huo, maana ulikuwa mzuri. Simu mbili hazikuwa na kioo, na moja ilifungwa mpira wenye kikaratasi chenye jina la mtu. Niliandika na hilo. Mama mmoja muuza vitumbua alisema mara mbili, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika, "Jamani, huyo fundi kweli, anakaa na mama yake kule bondeni." Niliandika na hilo. Kisha mwenye bucha akaja na nondo, bado amevaa koti lake jeupe la kazi. Hilo sikuliandika. Nilitazama saa, ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Polisi walifika saa tisa na robo na kumkuta amefunikwa khanga.

Jioni nilimpigia askari niliyezoea kumpigia. Aliniambia kibaka mmoja ameuawa na wananchi wenye hasira kali, umri wake miaka kama thelathini na miwili, kwa kukadiria. Msomaji yeyote wa magazeti yetu anawafahamu wananchi wenye hasira kali. Hawana majina, hawana nyumba, hawana kazi wanazokwenda kesho yake. Wanatokea, wanaua, wanatawanyika. Wa siku ile mimi niliwajua wote, na mmoja wao ndiye aliyekuwa amenikatia nyama Jumapili.

Nikaiandika habari kama askari alivyonipa. Ile kauli kwamba marehemu alisema ni fundi simu, na kwamba muuza vitumbua alithibitisha, niliiweka aya ya mwisho. Wasomaji hawajui jambo hili, lakini kila mwandishi analijua: nafasi ikiwa finyu, dawati la wahariri hukata habari kuanzia mkiani. Anayehariri hasomi tena, anafuta tu kutoka chini kwenda juu mpaka itoshe. Na habari za vibaka hazikosi kukatwa. Nilijua itakatwa. Niliiweka pale ili nionekane, kwangu mwenyewe, kwamba niliiandika.

Asubuhi habari ilikuwa na aya nne. Kichwa chake kilisema, "Kibaka auawa Temeke."

"Mwandishi!" mwenye bucha aliniita. Alikuwa amelishika gazeti kwa mikono miwili. "Njoo hapa. Leo mmeandika kweli. Tangu nianze kusoma gazeti lenu, leo ndiyo siku ya kwanza mmeandika kweli tupu!"

Wale wasomaji wa bure walimuunga mkono. Mmoja alinipigapiga mgongoni. Mwenye bucha akafunga maini kwenye mfuko na kunipitishia dirishani, "Ya mwandishi huyu, hakuna malipo." Niliyapokea. Mke wangu aliyapika na vitunguu vingi, tukala na ugali.

Siku ya nne baada ya mazishi mama wa marehemu alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa nikimwona siku zote akiuza mihogo ya kuchemsha asubuhi, mwanamke wa kusini, mfupi, asiye na maneno mengi, bila kujua kwamba ana mtoto. Alikuwa na ule ukurasa ameukunja ndani ya khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiye mimi."

"Hii umeandika wewe?"

Nikakubali. Nilimpa kiti, akakaa ukingoni.

"Nani alikwambia mwanangu kibaka?"

"Polisi, mama."

"Polisi walikuwepo?"

"Walikuja baadaye."

"Na wewe?"

"Nilikuwepo."

"Sasa wewe uliyekuwepo, kwa nini ukamuuliza ambaye hakuwepo?"

Kazini kwetu swali hilo lina jibu, na nilimpa. Nilimweleza habari za chanzo rasmi, kwamba gazeti haliwezi kuandika tu kile mwandishi alichokiona, lazima awepo mtu wa kuwajibika kwa maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema hakuja kugombana. Nondo haiwezi kurudi ilikotoka. Alichotaka ni neno moja litolewe. Alikwenda kituoni kuuliza habari za waliomuua mwanawe, akaonyeshwa gazeti. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akamwonyesha gazeti. Watu wasioamini lolote lililoandikwa humo, wakifika kwenye neno lile moja walisimama kama wamefika kwenye msahafu.

"Arobaini yake nitaalika mtaa mzima," alisema. "Na wao waliompiga nitawaalika. Watasoma dua, halafu kabla ya kula wewe utasimama uwasomee kwamba gazeti limefuta. Usome wewe. Aliyefunga ndiye afungue."

Nilimwahidi. Sijui kwa nini niliahidi haraka vile. Labda nilitaka ainuke kwenye kile kiti.

Mhariri wetu wa habari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kanuni, na kanuni zake zilikuwa nzuri. Gazeti husahihisha kosa lililothibitishwa kwa maandishi, siyo malalamiko.

"Mama anasema mwanawe hakuwa mwizi," nilimwambia.

"Mama gani amewahi kusema ndiyo?" Hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Kutokuwa mwizi kuna cheti? Kama kipo, leta. Niletee barua ya serikali ya mtaa, au niletee wenye simu, majina yao kamili, waseme hizi simu zilikuwa zetu tulimpa atengeneze. Nitaweka hata ukurasa wa mbele."

Mwenyekiti wa mtaa alikataa kuandika barua. Alisema hayo mambo yameshapita na mtaa umetulia. Sikumlaumu sana, siku ile alikuwepo na alisimama karibu na mimi.

Wenye simu niliwatafuta wiki nzima. Kibanda alichofanyia kazi marehemu kilikuwa nyuma ya soko, na jirani yake, mshona viatu, aliwakumbuka wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alinikaribisha vizuri mpaka nilipotaja gazeti.

"Simu ilikuwa yangu, ndiyo, na jina kwenye kile kikaratasi ni langu. Lakini kwenye gazeti mie hapana. Nyie mnageuzaga maneno. Shemeji yangu mlimhoji kuhusu maji, kesho yake mkaandika anaipinga serikali. Akahamishwa kituo."

"Nitakusomea kabla ya kuchapa."

"Na shemeji yangu mlimwambia hivyohivyo."

Wa pili alikuwa dereva wa lori. Aliniuliza kwanza ninatoka gazeti gani. Nilipomtajia alicheka. "Mwandishi, mie nikisema simu yangu, nyie mtaandika nilikuwa mwenzake tunagawana. Nenda zako salama." Nilimbembeleza mpaka akaacha kucheka, akafunga geti.

Ndipo nilipoelewa vizuri jinsi tulivyofika hapo. Watu walioweza kumsafisha kijana yule walikuwa hai, wakijua kila kitu na tayari kukisema. Kwangu tu ndiko hawakuwa tayari kukisema. Na sikuweza kuwaambia wanakosea.

Mama akaleta alichokuwa nacho: cheti cha kuzaliwa, kimechakaa kwenye mikunjo, na picha ya mahafali ya darasa la saba. Kwenye cheti ilionekana marehemu alikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikipeleka kwa mhariri. Niliandika sentensi tatu: umri sahihi, kazi ya marehemu kwa mujibu wa familia, na kuomba radhi. Alivisoma vyote, akaitikia kwa kichwa.

"Hapa kuna kitu. Hili ni kosa la kweli. Nitaliweka."

"Na ya kazi yake?"

"Nitaangalia nafasi."

Nilimwambia mama kwamba gazeti limekubali. Hilo ndilo neno nililotumia, limekubali. Aliinama akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

Masahihisho yalitoka asubuhi ileile ya arobaini, ukurasa wa kumi na tisa, chini ya ratiba ya mpira. Niliyasoma nimesimama kwenye meza ya magazeti. Yalisema hivi: "Katika habari yetu yenye kichwa 'Kibaka auawa Temeke', ilielezwa kuwa kibaka huyo alikuwa na umri wa miaka 32. Usahihi ni kwamba kibaka huyo alikuwa na umri wa miaka 22. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Nafasi ilikuwa finyu, na safari hii dawati lilikata katikati.

Nilikwenda kwa mama saa nne. Turubai lilikuwa limeshafungwa, masufuria ya pilau yako motoni, wanawake wanamenya vitunguu na kusutana. Alikuwa amevaa khanga mpya. Aliliona gazeti mkononi mwangu, akanizuia kwa kiganja kabla sijafungua mdomo.

"Usiniambie, baba. Nataka nisikie pamoja nao. Nataka niwatazame nyuso."

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa nimekuja kumwambia. Aliponizuia nilihisi nafuu, kama mtu aliyesamehewa deni, nikaenda kukaa mkekani na wanaume.

Walikuja wengi. Watu hawasusi arobaini ya jirani, hata waliyemuua kwa mikono yao. Mwenyekiti alikuja na kofia yake ya mkono, vijana wa bodaboda walikuja, mwenye bucha akaja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akakaa safu ya mbele na kuitikia dua kwa sauti kuliko wote. Mimi ni Mkristo, niliinamisha kichwa tu. Ustadhi alipomaliza alisema mama mwenye msiba ana tangazo, litasomwa na mwandishi. Mama alikuja kusimama kwenye nguzo ya turubai, upande wa wanaume, na hakuna aliyemwambia asisimame hapo.

Nilisimama. Nikafungua ukurasa wa kumi na tisa na kuuinua mbele ya uso.

"Masahihisho," nilisoma. "Katika habari yetu ya hivi karibuni tulimwita marehemu kibaka. Marehemu hakuwa kibaka. Alikuwa fundi simu, na simu tano alizokutwa nazo zilikuwa za wateja wake. Alisema hivyo kabla hajafa na watu walimsikia. Tunamwomba radhi mama yake mzazi."

Ilikuwa habari sahihi kuliko zote nilizowahi kutoa. Hata mwiko kule jikoni ulisimama. Mwanamke mmoja akasema Alhamdulillahi. Mwenyekiti alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Mama hakuniangalia. Alikuwa akiwatazama wao, mmoja mmoja, kama alivyosema angefanya.

"Samahani, braza," mwenye bucha alisema kwa upole. "Ukurasa wa ngapi huo?"

"Wa kumi na tisa."

Akaingiza mkono ndani ya mfuko wa kanzu na kutoa gazeti lake, limekunjwa mara nne. Nilikuwa nimesahau kwamba mtaani kwetu alikuwepo mtu mmoja anayenunua gazeti na kulisoma lote.

"Mbona langu halijaandika hivyo?"

Akavaa miwani, akasoma. Alikuwa na sauti nzuri ya kusomea, hakuruka neno. Kibaka huyo, akasoma. Kibaka huyo, akasoma tena. Usumbufu uliojitokeza. Alipomaliza aliligeuza gazeti upande wa watu, akaweka kidole pale, na wa mbele wakarefusha shingo kuhakikisha.

"Jamani mnaona?" alisema. "Mie siku zote nawaambia mnaniona nina chuki. Hata kusoma! Mwandishi hata kusoma anadanganya."

Kuna waliocheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, ni kile cha watu waliobanwa kifua na ghafla wameachiwa. Kijana mmoja wa bodaboda alisema, "Mara ya kwanza utasema wamekosea, sasa hata mara ya pili?" Mwenyekiti akainua macho yake kutoka miguuni. Niliona hewa ikiwarudia, mmoja baada ya mwingine.

"Soma tena," mama alimwambia mwenye bucha.

"Mama, imetosha, tusome dua tu..."

"Soma."

Akasoma tena, safari hii kwa sauti ya chini. Mama alisikiliza kichwa amekiinamisha upande mmoja. Mwisho akasema, siyo kwangu na wala siyo kwake, "Umri wamepatia."

Kisha akawaambia wanawake walete chakula, kisipoe.

Masinia yalipoanza kutoka, mama mwenyewe alichukua birika na beseni kutoka kwa yule aliyetakiwa kunawisha wageni. Alianzia safu ya mbele. Alimmiminia maji ustadhi, akammiminia mwenyekiti. Alifika kwa mwenye bucha, naye akakinga mikono, mikubwa, iliyotulia, na mama akaimiminia taratibu mpaka ikatakata, akampa na taulo. Alikuja safu yetu. Aliwanawisha vijana wawili wa bodaboda waliokuwa kulia kwangu. Nilikuwa nimeshakinga mikono juu ya beseni. Alilisogeza beseni likanipita, akamnawisha wa kushoto kwangu, akaendelea mpaka mwisho wa mkeka bila kumwaga tone nje.

Sinia letu likawekwa katikati. Wenzangu watano wakasema Bismillahi na kunyoosha mikono. Hakuna aliyenikaribisha, na sikuwa nimenawa.